Haki katika Kuuza Vipuri vya Magari ya Zamani
(Hotuba kwa viongozi wa walei, mafundi na wafanyabiashara, Sanya Juu)



Huenda baadhi yenu mmeshangaa kusikia kwamba Kamati ya Haki na Amani imeita mkutano juu ya vipuri vya magari. Mmezoea kutusikia tukizungumzia mipaka ya vihamba, urithi wa wajane, rushwa, na ujira wa vibarua. Mambo hayo hatujayaacha. Lakini haki haikai mahakamani na bungeni peke yake. Inakaa juu ya kaunta ya duka na ndani ya gunia, na siku hizi inakaa pia ndani ya simu ya mkononi. Papa Paulo wa Sita alipoanzisha Tume ya Kipapa ya Haki na Amani mwaka 1967, hakuandika orodha ya mahali ambapo dhuluma inaweza kuzaliwa. Ni wajibu wetu kuitafuta pale tulipo.

Nasi hapa tulipo tumeiona. Malalamiko yanayotufikia yanafanana kama ndugu wa tumbo moja. Fundi anahitaji giaboksi ya Land Rover ya zamani. Anaona picha katika simu, anazungumza na muuzaji aliye Arusha au Dar es Salaam, anaambiwa kwamba ni nzima na haina shida yoyote. Anatuma fedha kwa simu, kifurushi kinapandishwa basi. Kinapofika na kufunguliwa, meno yamelika, au ni giaboksi ya gari la namna nyingine kabisa. Anapiga simu, haipokelewi. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili inauma zaidi, maana muuzaji ni kijana wa hapa hapa kwetu, mbatizwa, mwanakwaya, na anayelia yuko Mwanza au Nairobi. Hatutataja jina la mtu, wala hatukuja kumhukumu mtu. Tumekuja kulitazama jambo lenyewe.

Magari haya na thamani yake

Kwanza tujiulize kwa nini chuma cha zamani kimekuwa na bei namna hii. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Kuanzia miaka ile, gari hilo lilienea katika nchi zetu kwa sababu ya barabara zetu: lilitumika katika mashamba makubwa, katika misheni, katika ofisi za serikali na hospitali. Wazee waliopo hapa hawahitaji kufafanuliwa maana ya "109". Ni urefu wa gari, kwa inchi, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Lile lililokuja kuitwa Defender liliendelea kutengenezwa huko Solihull, Uingereza, hadi mwezi Januari 2016. Kiwanda kilipofunga ukurasa huo, ambao walikuwa hawajayathamini magari hayo walianza kuyathamini.

Hali kadhalika Peugeot 404 na 504. Wale wenye umri wanakumbuka mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mara nne katika miaka ya sitini, na mara mbili kati ya hizo, mwaka 1966 na 1967, aliyeiendesha alikuwa Bert Shankland, mkazi wa nchi yetu. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano mengine ya Safari kwa ajili ya magari ya zamani tu, na mara kadhaa yamepita Tanzania. Tena mwezi Oktoba 2024, jirani zetu wa Arusha walishuhudia tamasha la Land Rover lililokusanya mamia kwa mamia ya magari hayo, ya kila umri.

Basi kitu ambacho zamani kingechukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu bila mtu kukisikitikia, leo kina mnunuzi Nairobi, kina mnunuzi Afrika Kusini, kina mnunuzi Uingereza ambako mzee mstaafu anafufua gari kama lile alilojifunzia kuendesha. Na katika vihamba vyetu, nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, kuku wakitaga ndani yake, limesimama gari la marehemu baba. Vijana wamegundua hilo. Tunawasifu. Kupata riziki kwa kitu kilichokuwa kikioza si dhambi, wala faida si dhambi. Mtakatifu Thoma wa Akwino mwenyewe anakubali kwamba mfanyabiashara anaweza kupokea faida kama ujira wa jasho lake, maana amekitafuta kitu, amekisafirisha, amejihatarisha kwa ajili yake.

Kosa la kutohesabu

Tuseme wazi kwamba si kila udanganyifu huanza na nia mbaya. Mwingi huanza na uvivu. Mtu anaandika: "Shafti ya nyuma ya Land Rover, nzima." Land Rover ipi? Jina peke yake halitoshi. Shafti za ndani za magari ya zamani zaidi zina meno 10. Za ekseli za baadaye zina meno 24. Ya kwanza haiwezi kuingia mahali pa ya pili hata ukiisindikiza kwa nyundo na sala. Injini ya petroli ya lita 2.25, ambayo mafundi wengi hapa mmeifungua mara nyingi, hadi mwaka 1980 shafti yake kubwa ilishikwa na beringi kuu 3. Baadaye zikawa 5. Kwa nje injini zinafanana. Anayenunua shafti ya namna moja kwa ajili ya injini ya namna nyingine amenunua kizuizi cha mlango.

Kuhesabu meno ni kazi ya dakika moja. Kusoma namba iliyogongwa kwenye chuma, baada ya kusugua kutu kwa brashi, ni kazi ya dakika mbili. Kuweka rula kando ya kipuri kabla ya kupiga picha hakugharimu kitu. Muuzaji asiyefanya hayo, kisha akaandika "nzima, inaingia Land Rover zote", hawezi kujitetea kwamba hakujua. Anayesema jambo asilolijua kana kwamba analijua amekwisha kusema uongo, hata kama baadaye jambo hilo litakutwa ni kweli. Alikuwa na njia nyingine iliyo rahisi na ya heshima: kuandika kwamba hajui. "Nimeikuta kwenye gari la baba, sijui ni ya mwaka gani, meno ni 10, urefu ni huu, picha ni hizi." Mnunuzi mwenye ujuzi akisoma maneno hayo atajua mwenyewe, tena atamwamini mwandishi kuliko yule aliyejaza maneno ya sifa.

Kuna neno moja ambalo limechoka kwa kutumiwa vibaya, nalo ni "orijino". Wengine hulitumia wakiwa na maana kwamba kipuri kimetoka kwenye kiwanda cha gari lenyewe. Wengine humaanisha kwamba kimetoka Japani au Ulaya, si mahali pengine. Wengine humaanisha tu kwamba kinafanya kazi. Na wengine hawana maana yoyote. Wanalitia kama chumvi. Ushauri wetu ni kwamba neno hilo liachwe, na mahali pake paandikwe kilichopo: jina la mtengenezaji kama limegongwa, na kama halikugongwa, isemwe kwamba halikugongwa.

Tulichojifunza katika kahawa

Ndugu zangu, sisi wa mlima huu hatuna udhuru wa kusema kwamba biashara ya kumuuzia mtu asiyeona ni jambo geni. Ni jambo tulilolelewa nalo. Wazee wetu waliunda chama cha wakulima wa kahawa, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Tangu enzi hizo kahawa ya Kilimanjaro imenunuliwa na watu wa Ulaya na kwingineko ambao hawakuwahi kukanyaga kihamba. Walinunuaje? Walinunua kwa maelezo na kwa sampuli. Daraja liliandikwa, sampuli ikaonjwa, na gunia lililofuata lilipaswa kuwa sawa na sampuli. Mama aliyeketi kwenye mkeka akiondoa punje mbovu moja moja hakumjua mnywaji wa kahawa ile, lakini alimtendea haki. Na yule aliyechanganya kahawa isiyokauka ili mizani ipande, au aliyetia mawe, aliharibu jina lake na jina la jirani yake, maana huko mbali hawakusema "fulani ametudanganya". Walisema kahawa ya sehemu ile haifai.

Hivyo ndivyo ilivyo leo kwa vipuri. Mnunuzi wa Nairobi, aliyezoea kutembea mwenyewe Barabara ya Kirinyaga akigusa kila kitu kwa mkono, akidanganywa mara mbili na watu wa Moshi, hataandika majina yao kitabuni. Ataacha kununua Moshi. Anayeadhibiwa ni kijana wa tatu, ambaye ni mwaminifu na alikuwa anatafuta ada ya mdogo wake.

Kasoro inayoonekana na kasoro iliyofichika

Hapa tungependa kukaa kidogo. Mtakatifu Thoma, aliyefariki mwaka 1274, aliliandikia jambo hili la udanganyifu katika kuuza na kununua sura nzima katika Summa yake. Hakujua magari, lakini alijua farasi, na kwa shabaha yetu farasi anatosha.

Anasema kitu kinachouzwa kinaweza kuwa na kasoro za namna tatu. Inaweza kuwa kasoro ya aina, yaani kitu si kile kinachotajwa. Inaweza kuwa ya kiasi, yaani kipimo kimepunguzwa. Inaweza kuwa ya hali, kama vile mnyama mgonjwa kuuzwa kama mzima. Wafugaji waliopo hapa wanaifahamu hii ya tatu vizuri sana kutoka mnadani. Kwetu sisi, kipuri cha kuiga kilichotiwa katika boksi lenye jina la kampuni ni kasoro ya aina. Kabureta iliyouzwa "kamili" wakati vipande vya ndani vimekwisha kuondolewa na kuuzwa kando ni kasoro ya kiasi. Silinda hedi iliyopasuka, ikachomelewa, ikapakwa rangi ya fedha ili ing'ae, ni mnyama mgonjwa aliyepakwa mafuta.

Kisha anauliza: je, muuzaji analazimika kutaja kila kasoro? Jibu lake ni la mtu mwenye busara. Ikiwa kasoro iko wazi, kwa mfano farasi ana jicho moja, na muuzaji amepunguza bei ipasavyo, halazimiki kuipigia mbiu. Mnunuzi ana macho. Lakini ikiwa kasoro imefichika, na inaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji asiponena anatenda dhuluma, na mapatano yenyewe ni ya hila.

Sasa tutafakari pamoja. Farasi mwenye jicho moja, akipigwa picha kutoka upande wa jicho zima, ana kasoro iliyo wazi au iliyofichika? Yule aliyesimama mbele yake anaiona. Aliyeko Mwanza haioni. Kwa hiyo anayeuza kwa simu hawezi kabisa kujificha nyuma ya maneno "angeweza kuangalia mwenyewe", kwa maana hakuweza. Katika simu, kila kasoro ni kasoro iliyofichika mpaka muuzaji mwenyewe aionyeshe. Wajibu ule ambao dukani unagawanywa kati ya ulimi wa muuzaji na jicho la mnunuzi, katika simu unamwangukia muuzaji wote. Hilo ndilo jambo ambalo vijana wetu hawajaambiwa. Wanadhani umbali umewapunguzia wajibu, kumbe umewaongezea.

Kwa vitendo maana yake ni hii: picha ipigwe ya kipuri chenyewe kinachouzwa, siyo iliyochukuliwa kwa mtu mwingine, ipigwe upande mbaya kwanza. Mahali penye ufa pasogelewe. Kusafisha kipuri kwa dizeli na brashi ni jambo jema, maana usafi hufunua. Kupaka rangi kabla ya kuuza ni jambo la kutiliwa shaka, maana rangi hufunika. Mwenye kutaka kupaka na apige picha kwanza, na aionyeshe.

Si kwamba haki inadai muuzaji aseme kila kitu kilichomo moyoni mwake. Thoma huyo huyo anachukua mfano wa kale wa mfanyabiashara anayefikisha ngano mahali penye uhitaji, naye anajua kwamba wengine wanakuja nyuma yake na shehena. Anasema kwamba kwa haki tupu halazimiki kuwaambia wanunuzi bei itashuka kesho, ingawa angetenda kwa wema zaidi kama angewaambia. Hivyo muuzaji anayejua kwamba mwenzake wa Gerezani anapokea mzigo wiki ijayo anaweza kunyamaza bila kudhulumu. Kuhusu mizigo ya wenzake anaweza kunyamaza. Kuhusu ufa uliomo katika kitu anachokiuza hawezi.

Breki

Mpaka hapa tumesema juu ya hasara ya fedha. Iko hasara isiyorudishwa. Ninyi mnaijua barabara ya kwenda Londorossi na miteremko yake wakati wa masika. Mnajua ni vijana wangapi wa parokia hii wanapanda magari ya zamani kwenda kubeba mizigo ya wageni mlimani, na ni wanafunzi wangapi hupewa lifti nyuma ya pikapu. Sehemu za breki, za usukani na za magurudumu haziwezi kuuzwa kwa lugha ile ile ya kuuzia kioo cha saa au kitasa cha mlango.

Kuna udanganyifu mmoja ambao hata wauzaji wema huuangukia. Wanakuta katika stoo ya zamani mpira wa breki ndani ya karatasi yake, haujawahi kutumika, wanauuza kama "mpya kabisa". Kweli haujatumika. Lakini mpira huzeeka hata ukiwa umelala: hukakamaa, hupasuka nyufa ndogo ndogo, na siku ya kukanyagwa breki kwa nguvu hauwezi kuzuia mafuta. Mpya na isiyotumika si neno moja. Kwa matairi ulinganisho ni rahisi zaidi. Tairi zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 zimepigwa ubavuni namba nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2309 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Muuzaji aipige picha namba hiyo. Asiyetaka kuipiga picha ameshajibu swali.

Nasi tunasema bila kuzungukazunguka: anayeuza kwa makusudi kipuri cha breki anachojua kuwa kibovu, huku akificha ubovu wake, hawezi kujiungamia kosa la uongo mdogo wa biashara. Amri inayohusika hapo ni ya tano pia, siyo ya saba peke yake.

Dhuluma inayotoka upande wa mnunuzi

Kitabu cha Mithali, katika sura ya 20, kinamchora mnunuzi anayekiponda kitu ili apunguziwe bei, kisha akienda zake anajisifu. Watu wote hucheka wakisikia, kwa kuwa kila mtu anamfahamu mnunuzi huyo. Kucheza na bei sokoni si dhambi ya mauti, na hatutaki kuondoa ladha ya soko.

Lakini iko hali nyingine. Mtu anafika kwa mama mjane. Anaona chini ya mparachichi gari alilosema marehemu lisiuzwe. Anamwambia: "Mama, hiki ni chuma chakavu, kinakuletea nyoka tu. Nitakichukua kwa kilo." Anapima, analipa bei ya chuma, anashukuriwa, anapewa na ndizi za njiani. Wiki hiyo hiyo anaondoa dashibodi yenye saa zake zote, taa, na vibao vya milango, anaviuza kimoja kimoja kwa wapenzi wa magari ya kale. Thoma alikwisha kuliona jambo hili kutoka upande wa pili: ikiwa muuzaji kwa kutojua ametoa dhahabu akidhani ni shaba, mnunuzi anayejua anamdhulumu, na analazimika kurudisha. Yule bwana alijua. Hakukosea kwa kununua, wala kwa kutaka faida, maana kazi ya kufungua, kusafisha na kutafuta mteja ni yake. Alikosea aliposema "chuma chakavu" juu ya kitu alichojua si chuma chakavu, kwa mtu ambaye alimwamini kwa sababu ya mvi zake mwenyewe na ukarimu wake. Tunawaomba viongozi wa jumuiya: mjane au mzee yeyote asiuze gari la kihambani kabla fundi mwaminifu wa jumuiya hajalitazama. Tena warithi wote wajulishwe. Tumekwisha kuona ndugu wakiacha kusalimiana kwa sababu ya injini.

Mali ya wizi na vibao vya namba

Hapa tutasema kwa ufupi, maana jambo halina utata. Anayenunua kioo cha pembeni kwa bei ya mchana kweupe isiyofikirika, kutoka kwa kijana asiyeweza kueleza amekitoa wapi, anajua anachokinunua. Bila mnunuzi mwizi angebadili kazi. Na kile kibao kidogo chenye namba ya chesisi, ambacho wengine wamegundua kwamba kinatafutwa: kikiuzwa peke yake, bila gari lake, kazi yake huwa ni kulipa gari moja jina la jingine. Asikiuze mtu.

Sheria ya nchi na dhamiri

Wengine huandika kwenye risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, wakaona wamekwisha kunawa mikono. Sheria ya nchi haiwaungi mkono kirahisi hivyo. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inadai kwamba kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake, na kilichouzwa kwa sampuli kilingane na sampuli. Je, picha na maneno machache katika simu si maelezo? Bidhaa bandia zina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani inazifuatilia. Mwaka 2015 ikatungwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, nayo inamtaka anayeuza kwa mitandao ajitambulishe na kueleza bidhaa yake. Anayejificha nyuma ya jina la kubuni na laini ya simu ya mtu mwingine amekwisha kukosa kabla hata hajauza.

Tunazitaja sheria hizi ili mjue kwamba mnyonge ana mahali pa kukimbilia. Lakini mafundi wengi hawatakwenda mahakamani kwa ajili ya shafti moja. Nauli na siku zitakazopotea ni nyingi kuliko madai. Ndiyo maana dhamiri ni lazima ifanye kazi ambayo hakimu hataifikia.

Na dhamiri inadai marudisho. Zakayo, katika Injili ya Luka sura ya 19, hakuishia kwenye majuto, alifungua mfuko. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2412, inafundisha kwamba haki ya ulipaji inadai kumrudishia mwenye mali kile kilichochukuliwa kwa dhuluma. Tena Thoma anaongeza neno linaloweza kuwashtua baadhi yenu: hata aliyeuza kitu chenye kasoro bila kujua, hakutenda dhambi alipouza, lakini siku atakapojua, anapaswa kumfidia mnunuzi. Kwa hiyo ujumbe wa mteja unaosema "kaka, kile kipuri hakikuingia" si usumbufu wa kuzimiwa simu. Ndiyo saa ambayo muuzaji asiye na kosa anaamua kama ataendelea kuwa asiye na kosa.

Tunajua pingamizi lenu, maana mmekwisha kutuambia: fedha imekwisha kutumika, ada imelipwa, mtoto ameponywa. Basi irudishwe kidogo kidogo. Thamani ya kipuri ikiwa kubwa, wapatane wawili hao mbele ya shahidi. Kanisa halijawahi kudai lisilowezekana, linadai kuanza.

Utaratibu tunaoupendekeza

Kamati ya Haki na Amani ya parokia itapokea mashauri ya namna hii kila Jumapili baada ya Misa ya pili, bila malipo, kwa Mkatoliki na asiye Mkatoliki, Mlutheri, Mwislamu, kila mtu. Hatutatoa hukumu, tutasuluhisha. Anayelalamika alete kipuri chenyewe kikiwa katika hali kilivyofika, kisifunguliwe wala kusafishwa. Alete ujumbe wote wa simu ukiwa haujafutwa, pamoja na picha aliyoonyeshwa kabla ya kulipa, na ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala. Anayelalamikiwa ataitwa kwa jina lake na kwa siri, naye atasikilizwa kwanza kabla ya kuulizwa neno. Mafundi watatu, ambao Halmashauri ya Walei itawachagua leo, watakipima kipuri mbele ya pande zote mbili. Tunaomba kati yao awepo mmoja anayefahamu giaboksi na mmoja anayefahamu breki. Asichaguliwe fundi ambaye yeye mwenyewe anauza vipuri vya aina hiyo hiyo.

Daftari liko mezani kwa katibu. Majina ya mafundi yapendekezwe sasa, kisha tutapokea maswali, tukianza na wale waliotoka mbali ili wawahi gari.